Poka ya kazi: meza ya taslimu au mashindano?

Ukitaka kumjua mcheza poka, mtazame saa kumi alfajiri. Nimegawa karata Las Vegas kwa miaka tisa, karibu yote zamu ya usiku, na kuna watu wawili ninaowatumia kama mizani kila ninapoulizwa kuhusu kazi hii. Wa kwanza namwita Mzee wa Daftari. Hukaa kiti cha nane, na chupa ya chai aliyotoka nayo nyumbani, na kila anapoinuka huandika mstari mmoja kwenye daftari lenye jalada jeusi: saa alizokaa, kisha pesa iliyoongezeka au iliyopungua. Wa pili namwita Bingwa. Aliwahi kushika nafasi ya pili kwenye mashindano makubwa, akapigwa picha na mafungu ya noti mbele yake. Mwaka uliofuata, saa kumi hiyohiyo, alikuwa akizunguka kati ya meza akitafuta mtu wa kumkopesha dola 300.

Kwenye fomu ya uhamiaji, penye neno kazi, wote wawili wangeandika kitu kimoja. Lakini kazi zao zinafanana kama ya muuza maandazi na ya mchimba tanzanite. Mmoja anajua takriban mwezi utaleta nini. Mwenzake anaweza kushinda shimoni miaka mitatu bila kitu, halafu siku moja akatoka na jiwe.

Nayaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu aliyeko Toronto. Alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nataka kuacha kazi ya ghala nicheze poka. Nianze na taslimu au mashindano?" Nikaitikia marahaba, nikaiweka simu chini, nikanywa maji kwanza.

Najua kwa wasomaji wengi mjadala unaishia hapa: kamari ni haramu, basi. Sibishani na mtu huyo. Mama yangu mpaka anafariki alijua nafanya kazi hotelini, na wala sikumdanganya sana, maana kasino iko ndani ya hoteli. Lakini kijana aliyeuliza ana miaka 26 na ameshaanza kucheza. Nikimjibu kwa ukali ataenda kuwauliza watu wa YouTube.

Tuanze na michezo yenyewe. Kwenye meza ya taslimu unanunua chipu (vile vidude vya duara, si vya kula na kuku), na chipu ya dola tano ni dola tano kweli. Unaingia ukitaka na kutoka ukitaka. Kwenye mashindano unalipa kiingilio, unapewa chipu zisizobadilishwa kuwa hela, na unacheza mpaka zikuishie au uzikusanye zote. Madau ya lazima yanapanda kila baada ya muda, kwa hiyo huwezi kukaa unangojea karata nzuri mpaka kesho. Karata ni zilezile 52 na sheria ni zilezile. Tofauti iko kwenye namna pesa inavyoingia mfukoni.

Meza za chini kabisa hapa huchezwa kwa madau ya lazima ya dola moja na dola tatu, na mtu hukaa na dola 300 hivi. Mgawaji mwepesi wa mikono anagawa kama mara 30 kwa saa. Kila mara kasino inajikatia chake, kwa kawaida asilimia 10 ya rundo la katikati, hadi kikomo cha dola tano au saba, na mshindi naye hunirushia dola moja ya bakshishi. Huoni kitu kikiondoka, lakini meza ya watu tisa inaweza kupoteza zaidi ya dola 100 kwa saa kwa njia hiyo. Anayetaka kuishi kwa meza ile lazima kwanza awazidi wenzake vya kutosha kufidia makato, halafu ndipo aanze kuhesabu faida.

Wazoefu wa meza hizi husema mchezaji mzuri hupata kati ya dola 15 na 30 kwa saa. Tuseme 20. Akikaa saa 35 kwa wiki, wiki 50 za mwaka, ni dola 35,000. Hakuna bima ya afya, hakuna likizo ya kulipwa, hakuna kiinua mgongo. Wapo madereva wa basi wanaopata zaidi ya hapo. Anayetaka zaidi hupanda kwenye meza za dola mbili na tano, kisha tano na kumi, na kila akipanda anawakuta watu waliopanda kabla yake kwa sababu hiyohiyo.

Usiku mmoja mkahawani Mzee alinifungulia daftari lake, ukurasa wa Februari. Mistari 22, tisa kati yake ina alama ya kutoa. Chini kabisa: saa 151, hasara dola 640. Mtu mzima amefanya kazi mwezi mzima na amelipa ili aifanye. Nikamwuliza mkewe anasemaje. Akasema mkewe haonyeshwi mwezi, anaonyeshwa mwaka, na akafunua nyuma: miaka 11, yote na faida, hakuna hata mmoja wa kutajirisha.

Sasa weka kando ya daftari hilo shindano kuu la World Series of Poker, yale mashindano ya poka yanayofanyika Las Vegas kila mwaka, lenye kiingilio cha dola 10,000 tangu 1972. Mwaka 2024 waliingia watu 10,112. Waliolipwa ni 1,517. Wa kwanza, Jonathan Tamayo, aliondoka na dola milioni 10. Wa mwisho kati ya waliolipwa alipata 15,000, yaani kiingilio chake na 5,000 juu, ambazo hoteli na nauli ya siku hizo zinaweza kuzimaliza. Waliobaki, zaidi ya 8,500, walitoka mikono mitupu, na kati yao walikuwamo wachezaji wazuri kuliko wengi waliolipwa.

Huo ni mwezi wa kawaida wa mcheza mashindano, si balaa. Hata fundi kabisa hutoka bila kitu mara nyingi zaidi kuliko anavyolipwa, na anapolipwa mara nyingi ni kiingilio chake na kidogo juu. Faida yake ya miaka inaweza kukaa kwenye siku tatu au nne ambazo karata zilikubali. Ukiziondoa siku hizo, hakuna kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza vizuri miaka miwili na bado asijue kama anajua kucheza. Mzee wa Daftari anajua baada ya saa elfu moja, elfu mbili hivi. Wa mashindano, kwa idadi ya michezo anayoweza kucheza mezani kwa mwaka, anaweza kuzeeka hajui.

Hapa ndipo zile orodha za mtandaoni zinapowapoteza vijana. Unaona jina, mbele yake dola milioni kadhaa za ushindi. Orodha hiyo inahesabu kilichoingia tu. Ni kama kusoma msimamo wa ligi wenye mabao ya kufunga, ya kufungwa yamefutwa. Daniel Negreanu, mmoja wa wanaojulikana zaidi duniani, ana tabia njema ya kutangaza hesabu zake zote. Mwaka 2017 alishinda karibu dola milioni 2.8. Viingilio vyake mwaka huohuo vilikaribia milioni 2.9. Kwenye orodha ni mwaka wa mamilioni, na mfukoni ni hasara ya zaidi ya dola 86,000, kabla ya ndege na hoteli.

 Bingwa wangu hakuwa na pesa ya viingilio, na wengi hawana. Alikuwa na tajiri nyuma yake. Mtu aliyekaa kwenye machimbo ya tanzanite ya Mererani ataelewa haraka: mwanaApolo anachimba, mwenye mtaji anamlisha na kununua baruti, jiwe likitoka wanagawana. Kwenye poka tajiri analipa viingilio, na hasara zote zinaandikwa. Siku ya ushindi kwanza anarudisha zile hasara, kinachobaki ndicho kinachogawanywa.

Bingwa alinipigia hesabu hiyo mwenyewe juu ya tishu ya meza, kwa kalamu ya kuazima. Zawadi ya nafasi ya pili: 180,000. Hasara za tajiri zilizokwishaandikwa: 62,000. Zikabaki 118,000, nusu kwa nusu, 59,000 kila mmoja. Toa kodi ya serikali. Toa madeni ya marafiki waliomlisha miezi ambayo tajiri alinuna. Toa gari, kwa sababu picha ilishatoka na mtu wa pili kwenye mashindano makubwa hawezi kupanda basi. Tishu ikachanika pale alipokandamiza kalamu, hakumalizia mstari wa mwisho. Dola 300 alizokuwa akitafuta asubuhi ile zilikuwa za kodi ya chumba.

Msidhani hili linawapata wadogo tu. Stu Ungar alishinda shindano kuu 1980 na 1981, na aliporudi 1997 hakuwa na kiingilio. Alilipiwa na Billy Baxter. Akashinda mara ya tatu, dola milioni moja, nusu ikaenda kwa Baxter kama walivyokubaliana. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli hapahapa Las Vegas, ana miaka 45, mfukoni dola 800 hivi. Dawa za kulevya zilikuwa zimemla miaka mingi, sitaki kuisingizia poka kila kitu. Ila maisha ya kupokea mshiko mmoja mkubwa na kukaa muda mrefu bila ratiba hayamfai mtu mwenye ugonjwa huo. Jamie Gold naye alishinda dola milioni 12 mwaka 2006, na kabla hajazizoea alikuwa mahakamani na mtu aliyedai aliahidiwa nusu kwa mdomo. Wakapatana nje ya hukumu mwaka uliofuata. Mpwa wangu, ukiuza hisa ya ushindi wako hata kwa kaka yako, iandike.

Utaniambia, mbona Moneymaker? Kila mtu ananiambia mbona Moneymaker. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipata nafasi yake kwa shindano dogo la mtandaoni la dola 86, akaja 2003, akawashinda watu 838, akachukua dola milioni 2.5. Mwisho alibaki na Sam Farha, mtu wa kazi kwelikweli, na akamzuga bila karata yoyote ya maana mpaka Farha akatupa jozi iliyokuwa inashinda. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576. Mwaka 2006 walikuwa 8,773, karibu wote wakiwa na Moneymaker kichwani. Hiyo ndiyo sababu ya kumtaja kwa uangalifu: dola 86 zake zilifungua mlango ambao wengine elfu nyingi walipita wakaacha 10,000 kila mmoja.

Sasa niwe mkweli upande wa pili, maana nimeipendelea taslimu mpaka hapa. Mashindano yana ukuta. Kwenye shindano kuu, ukitoka umetoka, ulichoweza kupoteza kilijulikana tangu asubuhi. Yapo mengine mengi yanayokuruhusu kulipa tena na kurudi, lakini hata hayo hufika saa yanafunga mlango. Taslimu haina mlango wa kufunga. Saa tisa usiku mashine ya ATM iko hatua 20 kutoka mezani kwangu, imewekwa hapo kwa makusudi, na nimewaona watu wakiizuru mara nne kwa usiku mmoja. Mtu aliyepandwa na hasira baada ya kupigwa na karata ya mwisho hawezi kuzuiwa na chochote isipokuwa yeye mwenyewe. Mzee wa Daftari ana kanuni: akipoteza dola 900 anafunga chupa ya chai na kwenda kulala, hata kama meza imejaa walevi wanaogawa hela. Nimemwona akiitii siku ambayo hata mimi mgawaji nilitamani abaki.

Na taslimu ikipanda juu, inapanda bila dari. Mwanabenki wa Texas, Andy Beal, aliwahi kuja Las Vegas kucheza na kikundi cha mabingwa waliochanga mtaji wao pamoja, madau yakafika 100,000 na 200,000. Februari 2006, Phil Ivey, aliyekaa kwa niaba ya kikundi, alimfunga zaidi ya dola milioni 16 kwa siku tatu. Ndiye Ivey huyohuyo ambaye ujanani Atlantic City alicheza kwa kitambulisho cha bandia chenye jina la Jerome kwa sababu umri haujafika. Upande wa pili wa sarafu: Desemba 2009 Msweden aliyejiita Isildur1 mtandaoni, baadaye akajulikana kuwa ni Viktor Blom, alipoteza zaidi ya dola milioni nne kwa mpinzani mmoja katika kikao kimoja. Kwenye mashindano huwezi kufanya hivyo hata ukijaribu.

Mtandaoni sitakaa sana. Kasi ni kubwa, meza sita kwenye kioo kimoja, na unajifunza kwa miezi kile ambacho mezani kingechukua miaka. Lakini mambo mawili yanitisha. La kwanza, Aprili 15, 2011, serikali ya Marekani ilipozifunga tovuti kubwa, ikaja kubainika Full Tilt, moja ya tovuti hizo, ilidaiwa na wachezaji karibu dola milioni 390 huku benki ikiwa na milioni 60 tu. Watu wa kazi walioweka mtaji wao wote pale waliamka hawana vifaa vya kazi. La pili, Januari 2017 programu ya chuo cha Carnegie Mellon, Libratus, iliwashinda mabingwa wanne kwa migawo 120,000 ya karata kwenye kasino ya Pittsburgh. Programu za kupiga hesabu hizi sasa ziko kwenye kompyuta za kawaida, na mpinzani wako wa mtandaoni humwoni anatazama nini. Mezani kwangu ninamwona.

Nyumbani nako kuna tofauti. Mcheza mashindano anafuata kalenda: majira ya joto yuko Las Vegas, Agosti Barcelona, na kadhalika. Mwenye pasipoti ya Kanada anakata tiketi tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anapanga foleni ya viza kila safari, na mashindano hayamngojei balozi. Wa taslimu analala kitandani kwake, isipokuwa analala mchana, na sherehe zote za watoto zinaanguka Jumamosi usiku, siku ambayo meza zina wageni wenye hela za kuchezea. Mzee wa Daftari ameniambia amekosa harusi tatu. Alizihesabu, kama anavyohesabu kila kitu.

Kodi ipime kabla hujapima karata. Marekani, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilisema kuanzia 2026 katika hesabu ya kodi hasara za kamari zitapunguzwa kwenye ushindi kwa asilimia 90 tu. Ichukue hesabu ya Negreanu ya 2017 na uipitishe hapo: mtu aliyepata hasara angedaiwa kodi juu ya karibu dola laki mbili ambazo hakuzipata. Wanaoumia zaidi ni wenye viingilio vikubwa, yaani watu wa mashindano. Kwenu Kanada mambo ni laini kidogo. Jonathan Duhamel wa Quebec, aliyeshinda shindano kuu la 2010 na karibu dola milioni tisa, alipelekwa mahakama ya kodi, na 2022 mahakama ikasema ushindi wake haukuwa biashara, hadaiwi. Usiichukue kama ruhusa. Huko kila kesi inatazamwa kivyake, tafuta mhasibu.

Basi nikamjibu kijana hivi. Ghala usiliache. Jumamosi na Jumapili kaa meza ya chini kabisa ya taslimu, na daftari, saa 500 kwanza. Tenga pesa ya kukaa meza hiyo mara 30, kama dola 9,000, mbali kabisa na kodi ya nyumba na pesa ya mama. Zikiisha, umepata jibu lako kwa bei nafuu. Mashindano yacheze kwa starehe, kiingilio kisizidi sehemu moja ya mia ya mtaji wako. Ningemshauri mtu aishi kwa mashindano kama hana watu wanaomtegemea, ana tajiri mwenye mkataba wa maandishi, na anaweza kushindwa siku nane kati ya kumi bila kubadilika sura akirudi nyumbani. Nimewaona watu wa hivyo. Ni wachache, na hata Doyle Brunson, aliyeshinda shindano kuu mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, mara zote mbili akimalizia na karata mbili zilezile mkononi, ya kumi na ya mbili, miongo yote mpaka uzeeni aliishi kwa meza za taslimu.

Akanijibu: "Sawa mjomba. Na Bingwa alipata zile mia tatu?"

Alizipata. Mzee wa Daftari alimhesabia mia tatu, za noti za ishirini, akafungua daftari jeusi ukurasa wa nyuma kabisa, akaandika. Nilikuwa nagawa, sikuona vizuri, lakini nililiona jina la Bingwa likiwa tayari pale juu mara mbili.